Siku 90 za Kozi ya Mtandaoni ya GRE: Kilichostahili Ada na Kisichostahili

Kwa siku 90 nilisoma kozi ya mtandaoni ya kujiandaa na GRE, mtihani ambao vyuo vikuu vingi, hasa vya Marekani, huutumia kama kipimo kimojawapo cha waombaji wa shahada za uzamili na uzamivu. Ada ya kozi ilikaribia mara tatu ya ada ya mtihani wenyewe, na kwa mtu anayejilipia kila kitu kutoka mfukoni mwake, hizo si fedha za kutoa kwa kufuata tangazo. Kabla ya kujiandikisha nilitafuta kwa muda mrefu maelezo ya mtu aliyeianza kozi ya namna hii akaimaliza, nikaambulia sifa za jumla tu: kozi ni nzuri, walimu ni wazuri, alama hupanda. Ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu wenzangu wawili waliosoma kwingine wamenieleza mambo yanayofanana sana na yangu, na nia yangu ni kumsaidia anayepima kozi yoyote ya aina hii ajue aangalie wapi.

Ukilipa unapewa masomo ya video ya takribani saa 60, hazina ya maswali ya mazoezi, kadi 1,000 za msamiati, mitihani sita ya majaribio, kikao cha moja kwa moja na mkufunzi kila Jumamosi, na nafasi ya kusahihishiwa insha nane. Nitasema mapema ninavyoamini: thamani ya kozi hii imo katika viwili vya mwisho. Vinne vya kwanza, ambavyo ndivyo vinavyopewa maandishi makubwa katika tangazo, ama vinapatikana bure penginepo au vimepitwa na wakati.

Nianze na lililonisikitisha zaidi. Tarehe 22 Septemba 2023, ETS, taasisi inayotunga na kusimamia GRE, iliufupisha mtihani huo kutoka takribani saa tatu na dakika 45 hadi saa moja na dakika 58. Insha ya pili, iliyomtaka mtahiniwa achambue hoja ya mtu mwingine, iliondolewa. Sehemu ya ziada isiyohesabiwa alama iliondolewa. Mapumziko ya dakika kumi nayo yakaondolewa. Kilichobaki ni insha moja ya dakika 30, sehemu mbili za lugha zenye maswali 12 kwa dakika 18 na maswali 15 kwa dakika 23, na sehemu mbili za hisabati zenye maswali 12 kwa dakika 21 na maswali 15 kwa dakika 26. Mimi nilijiandikisha zaidi ya mwaka mmoja baada ya mabadiliko hayo, na tangazo la kozi lilikuwa limeyataja yote kwa usahihi. Nilipoingia ndani nilikuta mitihani minne kati ya sita ya majaribio bado ni ya muundo wa zamani, yenye maswali 20 katika kila sehemu, na somo zima la video la karibu saa mbili likifundisha ile insha iliyokwisha kufutwa. Nikawaandikia wahudumu wa wateja, nao wakanijibu kwamba mazoezi ya ziada hayamdhuru mtu.

Jibu hilo sikubaliani nalo, na ninaomba msomaji anivumilie nieleze sababu, kwa kuwa hapa ndipo wengi hupoteza wiki nyingi bila kujua. Ukigawa dakika kwa maswali utaona kwamba kasi inayotakiwa haikubadilika: upande wa lugha bado ni kama dakika moja na nusu kwa swali, na upande wa hisabati ni kama dakika moja na robo tatu. Kilichobadilika ni uzito wa kila swali. Makosa matatu katika sehemu ya maswali 20 yalikuwa asilimia 15 ya sehemu hiyo. Makosa hayohayo matatu katika sehemu ya maswali 12 ni robo nzima. Tena GRE hujipanga kwa kufuata uwezo wa mtahiniwa: namna unavyoifanya sehemu ya kwanza ya hisabati ndiyo inayoamua ugumu wa sehemu ya pili ya hisabati, na alama hukokotolewa kwa kuuzingatia ugumu huo. Upande wa lugha ni vivyo hivyo. Kwa hiyo yale maswali 12 ya mwanzo yanahitaji utulivu na uangalifu wa pekee, ilhali mtu aliyezoea sehemu ndefu hujiambia kwamba akiteleza mwanzoni atafidia mbele ya safari.

Majaribio ya kozi, hata yale mawili ya muundo mpya, hayakuwa na tabia hiyo. Sehemu ya pili ilikuwa ileile kwa kila mwanafunzi, awe amefanya vizuri au vibaya katika ya kwanza. Matokeo yake ni kwamba alama nilizokuwa nikizipata humo zilinidanganya. Kila upande wa GRE, wa lugha na wa hisabati, hupimwa kuanzia alama 130 hadi 170. Mwishoni mwa mwezi wa pili mtihani wa majaribio wa kozi ulinipa 163 ya hisabati. Siku nne baadaye nilifanya jaribio rasmi la bure linalotolewa na watunzi wa mtihani wenyewe, nikapata 155. Sikulala vizuri usiku ule, maana nilikuwa nimekwisha kulipia tarehe ya mtihani na zilikuwa zimebaki wiki tano.

Masomo ya video ya hisabati si mabaya. Mtu aliyeachana na hesabu tangu sekondari atayafurahia, kwa sababu yanaanza na sehemu, asilimia na namba hasi, kisha yanapanda taratibu kuelekea milinganyo, jiometri na uchambuzi wa takwimu. Mtihani hauulizi kalkulasi wala trigonometria, na kozi inasema hivyo mapema, jambo linalomwondolea mwanafunzi hofu isiyo na sababu. Hata hivyo, video humwonyesha mwalimu akitatua swali analolijua jibu lake, na ukimtazama unaona kila hatua ikifuata nyingine kwa urahisi, ukaamini kwamba umeelewa. Mimi niliamini hivyo kwa wiki za mwanzo.

Kilichonifungua macho ni kikao cha Jumamosi ya tatu. Mkufunzi alituwekea swali la kulinganisha: Kiasi A ni x mara x, Kiasi B ni x, na hakuna maelezo yoyote kuhusu x. Tulikuwa 14 kikaoni, na karibu wote tulijibu kwamba A ni kikubwa zaidi, kwa kuwa vichwani mwetu x ilikuwa 2, au 5, au 10. Hakusema kwamba tumekosea. Alimwomba mmoja wetu aweke 1 mahali pa x, akapata pande mbili zilizo sawa. Akamwomba mwingine aweke nusu, akapata robo upande wa A na nusu upande wa B. Kisha akauliza kwa upole, "Nani aliyewaambia kwamba x ni namba kamili?" Hakuna aliyejibu. Jibu sahihi la swali lile ni kwamba uhusiano hauwezi kujulikana kwa maelezo yaliyotolewa, na tangu siku ile, kila nikikutana na herufi isiyowekewa masharti, huijaribu kwanza kwa sifuri, moja, namba hasi na sehemu. Swali lilelile lilikuwamo katika video nambari 11, nami nilikuwa nimelitazama likitatuliwa siku sita tu kabla ya kikao.

Mkufunzi huyo ndiye aliyetufundisha kuweka daftari la makosa, na ningependa kulielezea kwa sababu ndilo chombo kilichonisaidia kuliko kingine chochote. Daftari lina safu nne: swali lenyewe, jibu nililolichagua, sababu iliyonifanya nilione kuwa sahihi, na kitu nilichopaswa kukiona. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi, na ndiyo mtu anayotamani kuiruka. Mwanzoni niliandika "haraka" au "sikujua", na mkufunzi akanirudishia kurasa zangu akisema hayo ni majina tu ya makosa, bado hayaelezi yalivyotokea. Nikaanza kuandika kwa ukweli zaidi. Kwamba niliona bei imepanda asilimia 20 kisha imeshuka asilimia 20, nikadhani imerudi ilikoanza, kumbe imebaki asilimia 96 ya bei ya awali. Kwamba nilitafuta x nikaipata, ilhali swali liliuliza x jumlisha 3. Kwamba sikutofautisha visanduku vya mraba, vinavyoashiria kwamba majibu sahihi yanaweza kuwa zaidi ya moja, na viduara vya mviringo, vinavyotaka jibu moja tu. Nilipohesabu makosa 118 ya wiki sita, 47 hayakutokana na kutojua hesabu hata kidogo. Yalitokana na namna ninavyosoma. Hakuna video hata moja katika zile saa 60 iliyoweza kuniambia hivyo, kwa kuwa video haimwoni mwanafunzi.

Kuhusu kadi za msamiati nitasema machache. Zimepangwa vizuri, zinarudiwa kwa vipindi vinavyoongezeka, na maneno yaliyochaguliwa yanafaa. Kasoro yake ni kwamba kila neno limepewa maana moja, wakati GRE hupenda kulichukua neno la Kiingereza ulilolizoea na kulitumia kwa maana yake ya pembeni. Neno "qualify" wengi tunalijua kwa maana ya kutimiza masharti. Katika maandishi ya kitaaluma mara nyingi humaanisha kuipunguzia kauli nguvu kwa kuiwekea mipaka, na asiyejua hilo ataisoma aya nzima kichwa chini miguu juu. Yapo pia yale maswali ya kuchagua maneno mawili kati ya sita yatakayoipa sentensi maana inayolingana, ambayo hayana nusu alama: ukipata neno moja na kukosa la pili, umekosa swali lote. Kadi haziwezi kumwandaa mtu kwa hayo. Mimi niliziacha kadi baada ya wiki saba, muda wake nikautumia kusoma kila siku makala ndefu moja ya sayansi au historia, nikijiuliza mwisho wa kila aya mwandishi anakubaliana na nani na anampinga nani. Alama zangu za lugha zilianza kusogea hapo.

Sasa niende kwenye insha, ambako ndiko ninakoona kozi ilistahili ada yake. Katika insha ya GRE mtahiniwa hupewa kauli kuhusu jambo la jumla, pamoja na maelekezo ya namna ya kuijadili, na anatakiwa kueleza na kutetea msimamo wake kwa dakika 30. Alama ni kuanzia 0 hadi 6, zikipanda kwa nusu nusu. Somo la video kuhusu insha linafundisha kiunzi cha aya tano: utangulizi, sababu tatu, hitimisho, pamoja na sentensi za kufungulia zilizoandaliwa tayari. Nilikifuata kiunzi hicho neno kwa neno katika insha yangu ya kwanza, iliyohusu kama serikali zigharamie tu utafiti unaoleta manufaa ya haraka. Nilipinga. Nikatoa sababu tatu, kila moja na mfano wake, nikafunga kwa kurudia nilichokisema mwanzoni.

Insha ilirudi baada ya siku mbili. Mkufunzi alikuwa ameifuta aya yote ya kwanza kwa mstari mmoja, na pembeni akaandika: "Mada imekwisha kuchapwa juu ya ukurasa, msomaji hahitaji kuambiwa tena." Chini ya sababu ya tatu aliandika maneno ambayo bado ninayo kwenye ukuta wa chumba ninachosomea: "Umenieleza unachoamini. Hujanieleza ni katika hali gani imani yako ingekuwa na makosa." Nilikaa na sentensi hiyo muda mrefu. Maelekezo ya insha yale yalikuwa yamenitaka wazi nizingatie hali ambazo kauli ile ingeweza kuwa kweli na zile ambazo isingekuwa kweli, nami nilikuwa nimeyapita maelekezo kwa kuwa kiunzi cha aya tano hakikuwa na mahali pa kuyaweka. Katika insha ya pili nilianza na hali ngumu kwangu mwenyewe: nchi iliyokumbwa na ugonjwa wa mlipuko, yenye bajeti finyu na watu wanaokufa leo. Nikakiri kwamba hapo utafiti wa manufaa ya haraka unastahili kutangulizwa, kisha nikaonyesha kwamba hata hiyo tiba ya haraka inategemea maarifa ya msingi yaliyokusanywa na watu ambao hawakujua yangetumika wapi. Insha ile ilikuwa fupi kuliko ya kwanza, na mkufunzi aliipandisha kutoka 3.5 hadi 4.5.

Ninalisisitiza hili kwa sababu haliishii kwenye mtihani. Mwanafunzi wa uzamili ataandika mapitio ya maandiko, mapendekezo ya utafiti na tasnifu, na kote huko ataulizwa swali lilelile: hoja yako inaanguka wapi? Insha nane zilizosomwa na mtu makini zilinipa maandalizi hayo ya kitaaluma, na ningekuwa radhi kulipia insha hizo peke yake kama kampuni ingeziuza peke yake. Kwa bahati mbaya haiziuzi hivyo.

Kuhusu yale yanayopatikana bure, anayefikiria kulipia kozi ayamalize kwanza. ETS hutoa majaribio mawili kamili ya POWERPREP bila malipo, yenye muundo mpya, kikokotoo cha kwenye skrini na utaratibu uleule wa kuweka alama kwenye swali ili ulirudie kabla muda wa sehemu haujaisha. Hutoa pia kijitabu cha marudio ya hisabati kinachogusa kila mada inayoulizwa, na orodha ya mada za insha ambamo mada ya siku ya mtihani huchukuliwa. Majaribio hayo ya bure hayakusahihishii insha, na hapo ndipo binadamu anapohitajika, lakini kwa kupima uko wapi hayana mfano. Ushauri wangu ni kufanya moja kabla ya kuanza kusoma chochote, na la pili ulihifadhi hadi zibaki wiki mbili au tatu. Mimi nilifanya la kwanza nikiwa nimechelewa, na niliyapata niliyoyaeleza.

Jambo moja dogo ambalo kozi haikulitaja popote lilinigharimu siku mbili za wasiwasi. Nilichagua kufanyia mtihani nyumbani, na huko hairuhusiwi kutumia karatasi za kawaida kwa hesabu za pembeni: unatumia ubao mdogo mweupe wenye kalamu ya kufutika, au karatasi moja iliyotiwa ndani ya mfuko wa plastiki angavu, na mwisho wa mtihani lazima msimamizi akuone umefuta. Mimi nilikuwa nimezoea kujaza kurasa. Kuandika kwa kalamu nene kwenye ubao mdogo kunabadilisha kabisa namna ya kupanga hesabu, na ni lazima kufanyiwe mazoezi mapema.

Kozi ina pia sehemu ya maombi ya chuo, nayo ni dhaifu. Barua ya kueleza nia inafundishwa kwa kielelezo kimoja cha kujaza nafasi, na kuhusu wadhamini wa kitaaluma, yaani walimu wanaomwandikia mwombaji barua za kumpendekeza, kuna ukurasa mmoja usiosema hata kwamba mwalimu anahitaji kuombwa wiki kadhaa kabla. Wala hakuna mahali ambapo mwanafunzi anaambiwa aulize kwanza kama programu anayoitaka inahitaji GRE, ilhali programu nyingi zimeacha kuidai au zimeifanya ya hiari katika miaka ya karibuni. Mwenzetu mmoja wa vikao vya Jumamosi aligundua katika wiki ya tisa kwamba idara zote tatu alizokuwa akiomba hazitazami kabisa alama hizo.

Siku ya mtihani nilipata 160 ya hisabati na 156 ya lugha, na insha ilirudi baadaye na 4.5. Jaribio rasmi la wiki tano kabla lilikuwa limenipa 155 na 151. Katika wiki hizo tano sikufungua video hata moja. Nilitumia daftari la makosa, makala za kila siku, vikao vya Jumamosi na insha nne zilizokuwa zimebaki. Kwa mtu mwenye nidhamu na aliye na mwalimu au rafiki anayeweza kumsomea insha zake kwa ukali, nisingemshauri alipe. Kwa mtu aliye peke yake, aliyekaa nje ya masomo miaka mingi na asiyekuwa na wa kumkosoa, ninaipendekeza, kwa sharti kwamba aulize kabla ya kulipa ni nani atakayezisoma insha zake, atarudishiwa baada ya siku ngapi, na majaribio mangapi ni ya muundo wa baada ya Septemba 2023.

Na ukijiunga, nakili maoni ya mkufunzi kila insha inaporudi. Akaunti yangu ilifungwa usiku wa siku ya 90 bila onyo, na insha tano kati ya nane zikaondoka pamoja na yote yaliyoandikwa pembeni mwake. Niliomba mara mbili nitumiwe nakala, na hadi ninapoandika haya sijatumiwa.